Bibi Aliyeweka Kalamu Chini Akashika Chaki

Msomaji mpenzi, kama unayo ramani ya dunia nyumbani, au kama watoto wako wanayo katika kitabu chao cha jiografia, ifungue uone mahali bara la Amerika linapokonda katikati kama kiuno cha nyigu. Upande wa mashariki wa kiuno hicho utaona bahari iliyotapakaa visiwa. Hiyo ndiyo Bahari ya Karibi. Kisiwa kilicho kikubwa kuliko vyote ni Kuba. Cha pili kwa ukubwa kimegawanyika nchi mbili: magharibi ni Haiti, na mashariki ni Jamhuri ya Dominika, ambako watu husema Kihispania. Mji mkuu wa nchi hii ya pili huitwa Santo Domingo. Huko ndiko tunakokwenda leo, kwa ajili ya mwanamke mmoja aliyeishi miaka 46 tu.

Jina lake ni Salomé Ureña. Ureña husomwa Urenya. Na usishtuke kwa hilo jina la Salome ukamfikiria yule binti aliyecheza ngoma hata Yohane Mbatizaji akakatwa kichwa. Jina la binti yule halimo kabisa katika Injili. Salome aliyetajwa na Marko mtakatifu ni mmoja wa wanawake waliobeba manukato kwenda kaburini asubuhi ya Pasaka. Huyo ndiye mwenye jina.

Alizaliwa Santo Domingo tarehe 21 Oktoba, 1850. Baba yake, Nicolás Ureña de Mendoza, alikuwa mwanasheria, mwandishi wa magazeti, na mtunga mashairi pia. Mama yake aliitwa Gregoria Díaz de León. Wazazi hawa walitengana mtoto akiwa bado mdogo, naye akalelewa na mama na ndugu wa mama. Lakini baba hakumtupa mwanawe. Msichana alijua kusoma akiwa na miaka 4. Akapelekwa katika vijishule vya mtaani, vile vya kufundisha watoto wa kike kusoma, kusali na kushona, na elimu ya shule kwa msichana iliishia hapo, maana katika nchi nzima hapakuwa na shule ya kumpandisha juu zaidi. Basi baba yake akawa ndiyo shule yake. Akamsomesha washairi wa Kihispania wa zamani, akamwonyesha mizani na vina, akamsahihisha. Nataka uiangalie sana jambo hili, msomaji, kwa kuwa litarudi: binti huyu alipata elimu kwa bahati ya kuwa na baba wa namna ile. Wenzake mtaani hawakuwa na bahati hiyo.

Neno moja juu ya sura yake. Katika ukoo wake ilikuwamo damu ya Afrika, kama ilivyo kwa watu wengi sana wa kisiwa kile, kwa sababu Wahispania walipeleka watumwa kutoka Afrika kufanya kazi katika mashamba ya miwa tangu miaka ya 1500. Wachoraji wa siku za baadaye walipomchora waliona vema kumfanya mweupe kuliko alivyokuwa. Ni jambo la kusikitisha, lakini si jambo la ajabu.

NCHI ISIYOTULIA

Huwezi kumwelewa bibi huyu pasipo kuielewa nchi yake. Santo Domingo ni mji wa kale. Ndiko kulikojengwa kanisa kuu la kwanza katika Amerika yote, na ndiko Papa Paulo wa Tatu alikoruhusu chuo kikuu mwaka 1538. Lakini Salomé alipozaliwa, fahari ile ilikuwa imekwisha zamani. Chuo kikuu kilikuwa kimefungwa, na majumba makubwa ya mawe ya watawala na ya watawa yalikuwa magofu, miti ikiota ndani yake.

Na siasa? Lo! Nchi ilijitenga na Haiti tarehe 27 Februari, 1844. Mwaka 1861 Rais wake mwenyewe, Jenerali Pedro Santana, akairudisha mikononi mwa Hispania. Wananchi wakakataa, wakapigana tangu 1863 hata 1865, Wahispania wakaondoka. Baada ya hapo, badala ya amani, majenerali wakaanza kupinduana. Mmoja wao, Buenaventura Báez, alishika urais mara tano, na katika zamu yake moja alitaka kuikabidhi nchi kwa Marekani; mapatano yalikwisha andikwa, na baraza la Seneti la Marekani likayakataa mwaka 1870. Huyu Salomé alikuwa msichana wa miaka 19 wakati huo. Tangu utoto wake hakuona hata miaka mitano iliyopita bila bunduki kulia.

Katika nchi kama hiyo kijana mwenye kipaji hufanya nini? Yeye alianza kuandika. Mashairi yake ya kwanza yalitoka gazetini mwaka 1867, naye hakutia jina lake, ila jina la kubuni, Herminia. Wasomaji wakawa wanaulizana Herminia ni nani. Tangu mwaka 1874 akaanza kutia jina lake mwenyewe, na hapo mji mzima ukajua kwamba sauti ile nzito ilikuwa ya binti Ureña anayeishi na mama yake.

Nasema sauti nzito, kwa sababu watu wa siku zile walitazamia mwanamke aandike juu ya maua, ndege na mwezi. Yeye aliandika juu ya nchi. Mwaka 1873 alitoa shairi juu ya maendeleo ya mataifa. Mwaka 1874 akaiandikia nchi yake moja kwa moja, kana kwamba ni mtu aliye mbele yake. Mwaka 1876 akatoa lile liitwalo "Ruinas", yaani magofu, ambamo anayatazama majumba yale ya kale yaliyobomoka na kuiuliza nchi italala mpaka lini. Mwaka 1878 likafuata lingine, juu ya kuwa na imani na siku zijazo. Maneno yake yote yalielekea upande mmoja: acheni kuuana, jifunzeni, fanyeni kazi, nchi hii ina akili za kutosha kuinuka.

Watu walipenda mno. Mwishoni mwa mwaka 1878 chama cha wapenda elimu kilichoitwa Amigos del País, maana yake Rafiki za Nchi, kilimpa nishani iliyonunuliwa kwa michango ya watu. Mwaka 1880 chama hichohicho kikayakusanya mashairi yake kuwa kitabu. Na utangulizi wa kitabu aliuandika nani? Padre! Alikuwa Padre Fernando Arturo de Meriño, msemaji hodari, ambaye mwaka uleule alichaguliwa kuwa Rais wa nchi na baadaye akawa Askofu Mkuu wa Santo Domingo. Katika kitabu hicho limo pia shairi refu la Anacaona, malkia wa wenyeji wa kwanza wa kisiwa, ambaye Gavana wa Kihispania Nicolás de Ovando alimnyonga mwaka 1503 baada ya kukaribishwa naye kwa heshima. Mwanamke wa Kikristo, msemaji wa Kihispania, alikaa akamlilia malkia yule. Mimi hili lanipendeza kuliko nishani.

NDOA NA RAFIKI KUTOKA PUERTO RICO

Tarehe 11 Februari, 1880, aliolewa. Bwana harusi, Francisco Henríquez y Carvajal, alikuwa na miaka 21; bibi harusi alikuwa na miaka 29. Bila shaka majirani walisema, kama majirani wanavyosema kila mahali. Lakini kijana huyu alimjia na kitu ambacho nishani haikumpa. Alikuwa mwalimu wa sayansi, naye alimwambia mkewe kwamba mashairi yanaamsha, lakini aliyeamka huhitaji mtu wa kumwonyesha njia. Akaanza kumsomesha hesabu na elimu ya viumbe, mambo ambayo baba yake hakuwa nayo.

Na nyuma ya kijana huyo alikuwako mtu mwingine, Eugenio María de Hostos, mzaliwa wa Puerto Rico. Hostos aliona kwamba nchi zile ndogo za Karibi hazitapata uhuru wa kweli pasipo waalimu. Mwaka uleule wa 1880 alifungua katika Santo Domingo chuo cha ualimu. Sisi tuliopita katika vyuo vya ualimu twajua maana yake: si kumjaza kijana maarifa tu, ila kumfundisha namna ya kumfikishia mtoto maarifa hayo, hatua kwa hatua, mtoto afikiri mwenyewe badala ya kukariri kama kasuku. Katika nchi ile lilikuwa jambo jipya kabisa. Lakini chuo cha Hostos kilikuwa cha wanaume.

Hapa, msomaji, nitasema jambo ambalo gazeti la Kanisa lingeweza kulipita kimya, nami naona si haki kulipita. Baadhi ya mapadre wa Santo Domingo walikipinga chuo cha Hostos. Walikiita shule isiyo na Mungu, kwa sababu Hostos alitaka elimu isimame juu ya akili na sayansi, na dini ibaki nyumbani na kanisani. Mmoja wa wapinzani wakubwa alikuwa Padre Francisco Xavier Billini, mtu mtakatifu wa matendo, aliyekusanya yatima na wagonjwa wa akili na kuwafungulia watoto maskini shule. Basi usidhani ugomvi ule ulikuwa kati ya wema na wabaya. Walikuwa watu wawili waliotaka watoto wafundishwe, nao hawakupatana juu ya namna. Padre Billini na Hostos walikuja kupatana baadaye, kabla padre hajafariki mwaka 1890. Na mimi, ambaye kila Jumapili nasoma matangazo katika kanisa, nasema wazi kwamba shule bila sala hainipendezi. Lakini nchi bila shule hainipendezi zaidi.

Bibi Salomé alisimama katikati. Padre ameandika utangulizi wa kitabu chake. Mumewe ni mfuasi wa Hostos.

Mwaka 1881 mambo yakaharibika. Waasi walijitokeza na silaha, na Rais Meriño, padre yuleyule, akatoa amri tarehe 30 Mei kwamba atakayekamatwa na silaha mkononi katika uasi atauawa. Watu wakapigwa risasi. Mwaka huo Salomé aliandika shairi liitwalo "Sombras", yaani vivuli au giza. Si sauti ile ya zamani. Ni sauti ya mtu aliyechoka kuhubiri. Miaka minane alikuwa akiiambia nchi iinuke, nayo nchi ilimpigia makofi, ikampa nishani, ikaendelea kuuana.

Fikiri kidogo, msomaji. Mashairi yake yalitoka magazetini. Magazeti yalisomwa na nani? Na wale wachache waliojua kusoma. Na katika wale wachache, wanawake walikuwa wangapi? Mimi hutunza vitabu vya parokia, na katika vile vya zamani naona jambo lilelile ukurasa baada ya ukurasa: bwana harusi ameandika jina lake, bibi harusi ameweka alama ya kidole. Kidole kile huniumiza macho. Sina shaka Salomé aliona vidole vingi vya namna ile.

SHULE NDANI YA NYUMBA

Tarehe 3 Novemba, 1881, alifungua shule ya wasichana, Instituto de Señoritas. Ilikuwa ya kwanza katika nchi ile kuwapa wasichana elimu ya juu ya ile ya vijishule vya mtaani. Usifikiri jengo la mawe lenye kengele na uwanja. Ilikuwa nyumbani kwake. Vyumba vya mbele vilikuwa madarasa; nyuma walikaa watu wa nyumba, mama yake, jiko, na kelele za watoto. Mumewe alifundisha humo, na Hostos alisaidia. Wasichana walijifunza hesabu, sarufi, jiografia, historia, na elimu ya viumbe na nguvu za asili, mambo ambayo wengi waliona hayamfai msichana hata kidogo. Ya nini binti kujua umbali wa jua? Ataupikia nini?

Tazama sasa maisha ya mwalimu mkuu huyu. Mtoto wake wa kwanza, Francisco, alizaliwa mwaka 1882. Wa pili, Pedro, mwaka 1884. Wa tatu, Maximiliano, ambaye wote walimwita Max, mwaka 1885. Kwa hiyo katika miaka ile ya kwanza ya shule hapakuwa na mwaka ambao hakuwa na mimba au mtoto wa kunyonya, naye hakuifunga shule. Pedro aliugua sana akiwa mchanga, na shairi ambalo mama aliliandika katika saa zile za hofu ni moja katika machache ya miaka hiyo. Kalamu ilikuwa imelala. Waliompenda kama mshairi walinung'unika kwamba kipaji kinapotea katika kusahihisha madaftari.

Je, kilipotea? Nimelifikiri swali hili sana, na siwezi kulijibu kwa kusema kwamba hakupoteza kitu. Alipoteza. Mtu aliyetoa mashairi makubwa kila mwaka, katika miaka sita akatoa machache ya kuhesabika. Hiyo ni hasara, na Wadominika wanaopenda mashairi bado wanaisikitikia. Lakini jibu lake mwenyewe alilitoa mwezi wa Aprili, 1887.

Siku hiyo wanafunzi sita wa kwanza walipewa shahada ya ualimu. Majina yao yaandikwe hapa pia: Leonor Feltz, Mercedes Laura Aguiar, Luisa Ozema Pellerano, Ana Josefa Puello, Altagracia Henríquez Perdomo na Catalina Pou. Walikuwa waalimu wa kike wa kwanza kupata shahada katika nchi yao. Mercedes Laura alikuwa na miaka 15 tu. Hostos alitoa hotuba. Kisha Bibi Salomé akatoa shairi, la kwanza kubwa baada ya muda mrefu, aliloliita sadaka yake kwa nchi. Maana yake kwa kifupi ni hii: amenyamaza miaka mingi, na nchi yaweza kumdhania ameisahau, sivyo, alikuwa akiiandalia zawadi, na zawadi ndiyo hii, mabinti hawa. Ukumbi mzima ulikuwa umekuja kumsikiliza mshairi, naye akawaonyesha wasichana sita.

MIAKA MIGUMU

Mwaka huohuo wa 1887 mumewe alisafiri kwenda Paris kusoma udaktari. Alikaa huko mpaka 1891. Miaka minne! Barua zilikwenda na kurudi kwa meli, na nyingi zimehifadhiwa. Wakati huo mama alibaki na watoto watatu, shule, na kifua kilichoanza kumsumbua. Sitaki kumhukumu bwana yule, maana udaktari wake baadaye ulisaidia wengi; lakini katika makala nyingi zinazomsifu bibi huyu miaka hii minne hupitwa kwa mstari mmoja, nami naona ndiyo mizito kuliko yote.

Nchi nayo ilikuwa imeingia katika mikono ya Jenerali Ulises Heureaux, aliyeitwa Lilís na kila mtu, dikteta mwerevu na mkatili. Hostos hakuweza kuvumiliana naye. Mwaka 1888 akaondoka kwenda Chile. Basi bibi akawa amebaki bila mume na bila yule mwalimu mkuu aliyeanzisha mambo yote, chini ya serikali isiyopenda watu wanaofikiri. Shule ikaendelea. Kila baada ya muda likatoka kundi jingine la waalimu.

Mumewe alirudi, lakini afya haikurudi. Ugonjwa ulikuwa kifua kikuu, na wakati ule dawa yake haikuwapo. Daktari aliyetoka Paris alijua hivyo kuliko mtu yeyote mjini. Mwezi wa Desemba, 1893, shule ikafungwa. Mwaka 1894, tarehe 9 Aprili, akajifungua mtoto wake wa nne, wa kike, Camila.

Alipelekwa kaskazini, Puerto Plata, kwa kutafuta hewa nzuri ya bahari. Mwaka 1896 alimaliza shairi alilolianza miaka mingi nyuma, juu ya mwanawe Pedro, mtoto asiyependa michezo ya vita, aliyependa vitabu. Ndilo shairi lake la mwisho. Mwanzoni mwa 1897 akarudishwa Santo Domingo, na tarehe 6 Machi akafariki. Pedro alikuwa na miaka 12, Camila hajatimiza mitatu. Walimzika katika kanisa la Bikira Maria wa Mercedes.

Lakini shule haikuzikwa. Mwezi Januari, 1896, mama mwenye shule akiwa hai bado na mgonjwa, Luisa Ozema Pellerano, mmoja wa wale sita, pamoja na ndugu yake Eva, waliifungua tena. Baada ya kifo cha mwalimu wao wakaipa jina lake, Instituto Salomé Ureña. Dikteta Heureaux aliuawa mwaka 1899. Shule ikabaki.

WALIOTOKA MKONONI MWAKE

Leonor Feltz alikuwa na nyumba ambamo vijana wapenda vitabu walikusanyika jioni kusoma na kujadiliana. Miongoni mwa waliokuja walikuwako vijana wawili waliofiwa na mama, Pedro na Max Henríquez Ureña. Mwanafunzi akawafundisha watoto wa mwalimu wake. Deni hili lililipwa kwa sarafu ileile. Pedro alikuja kuwa mmoja wa wataalamu wakubwa kabisa wa lugha na fasihi ya Kihispania katika Amerika yote. Alifundisha Mexico, Marekani na Argentina, na alifariki mwaka 1946 ndani ya treni, akiwa njiani kwenda kufundisha. Max akawa mwandishi wa historia ya fasihi na balozi.

Mwaka 1916 mume wa Salomé, Dakta Henríquez y Carvajal, alichaguliwa Rais wa nchi. Majeshi ya Marekani yalikuwa yamekwisha kuingia, na Wamarekani wakamtaka akubali kuwapa usimamizi wa fedha na jeshi la nchi. Akakataa. Mwezi Novemba wa mwaka huo wakatangaza utawala wao wa kijeshi, naye akaondoka, akazunguka nchi za nje kuidai nchi yake. Wamarekani walikaa mpaka 1924. Mercedes Laura Aguiar, yule mdogo wa miaka 15, alikuwa mmoja wa wanawake waliopinga utawala ule, na baadaye alipigania haki ya wanawake kupiga kura, ambayo nchi yake iliipitisha mwaka 1942. Alifariki 1958, akiwa bibi mzee.

Wadominika humkumbuka Salomé kila tarehe 21 Oktoba, siku aliyozaliwa, ambayo ndiyo siku yao ya ushairi. Watoto hukariri mashairi yake shuleni, na huko Hispania msomi maarufu Menéndez y Pelayo, alipokusanya washairi wa Amerika, alimweka katika wawili wa kwanza wa nchi yake. Mwaka 1972 mifupa yake ilihamishwa ikawekwa katika Panteoni ya Taifa, pamoja na mashujaa waliopigana kwa bunduki.

Nami kila nisomapo habari zake humfikiri zaidi yule Camila, ambaye hakuweza kuukumbuka uso wa mama. Alikulia Kuba, akapata udaktari wa falsafa huko Havana, akafundisha Kihispania katika chuo cha wanawake cha Vassar, huko New York, tangu 1942 hata 1959. Alikuwa amefika mahali pa kukaa na kustarehe. Badala yake akarudi Kuba akiwa na miaka 65, wakati ambapo nchi ile ilikuwa ikijiandaa kuwafundisha watu wake wote kusoma na kuandika, naye akaingia katika kazi ya kufundisha waalimu. Mwaka 1973 alikwenda kuutembelea mji wa Santo Domingo alikozaliwa, na huko ndiko alikofariki, karibu na mama yake.